Kukadiria Thamani ya Injini ya Kale ya Jaguar (Sehemu ya Pili)

Baada ya sehemu ya kwanza kueleza muundo wa injini ya XK, inafaa sasa kutazama bei yake, jambo ambalo huwatatiza hata mafundi wazoefu. Injini hiyo ya silinda 6, iliyoonyeshwa kwa umma mjini London mwaka 1948 ndani ya gari la XK120 na kuendelea kuundwa hadi mwaka 1992, ilifungwa katika magari ya michezo yanayogombaniwa leo na matajiri, na vilevile katika magari makubwa ya abiria ambayo mengi yake yamekwishakatwa vipuri. Kwa hiyo mnunuzi hulazimika kujua si aina ya injini peke yake, bali pia gari ambalo ilifungwa kwanza kiwandani.

Ushahidi wa jambo hilo ni nambari iliyogongwa kwenye bloku, juu ya chujio la oili, na kurudiwa upande wa mbele wa silinda hedi. Nambari za gari la michezo la E-Type la lita 3.8 huanza na herufi R, na za lita 4.2 za mwanzo huanza na 7E. Tarakimu ya mwisho, kwa kawaida 8 au 9, huonyesha uwiano wa mgandamizo, yaani ni mara ngapi hewa na petroli hubanwa kabla ya kuwaka. Taasisi ya Jaguar Daimler Heritage Trust hutoa cheti, kutokana na kumbukumbu za kiwanda, kinachotaja nambari ya injini ambayo gari lilitoka nayo, na mnunuzi asiyeomba cheti hicho amejitakia hasara, kwa kuwa wapo wanaosaga nambari halisi na kugonga nyingine.

Nambari sahihi haiponyi chuma kibovu. Kipenyo cha silinda kilipopanuliwa kutoka milimita 87 za lita 3.8 hadi takriban 92 za lita 4.2, nafasi za silinda zilipangwa upya ndani ya bloku ya urefu uleule, nazo bloku hizo zikajulikana kwa kupata nyufa kati ya silinda, hasa pale uchafu unapoziba njia za maji. Silinda hedi, ambayo ni ya alumini, huliwa na kutu nyeupe ikiwa maji ya rejeta hayakutiwa dawa. Kabla ya kulipa, bloku na hedi zipimwe kwa shinikizo; na injini inayowaka, ikishapata moto, itoe shinikizo la oili la pauni 40 hivi kwa inchi ya mraba kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika.

Bei ya haki hupatikana kwa kuchukua thamani ya injini iliyokwisha kufufuliwa na kutoa gharama zote za kazi, ambazo aghalabu huzidi makadirio ya muuzaji. Nyongeza ya bei kwa sababu ya nambari ni suala jingine kabisa: ina mnunuzi mmoja tu wa haki, naye ni mwenye gari lililopoteza injini hiyo. Kwake yeye, hata bloku yenye ufa inaweza kustahili kushonwa na kuvishwa silinda mpya. Mtu mwingine yeyote asilipe zaidi ya thamani ya chuma chenyewe na herufi zinazolingana na aina ya gari lake.