Kujipatia Riziki Mtandaoni Ukiwa Nyumbani: Mfano wa Lwakhakha na Nafasi ya Mwanafunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Mji wa Lwakhakha umo magharibi mwa Kenya, katika Kaunti ya Bungoma, mahali ambapo mto wenye jina hilohilo huitenga Kenya na Uganda. Mchuuzi wa mpakani hafungui mkoba wake ovyo. Kwanza huuliza shilingi ya Uganda imeamkia wapi siku hiyo. Pili humtafuta mtu anayemwamini ng'ambo ya pili. Tatu huhesabu ni akina nani watakaodai sehemu ya faida yake njiani kabla haijamfikia. Asiyeyazingatia mambo haya matatu hurudi jioni akiwa ameuza mali yote na hana kitu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hekima hiyo ya mpakani ndiyo inayohitajika katika soko jingine, nalo ni soko la kazi za mtandaoni. Wanafunzi wetu wengi hurejea makwao baada ya muhula au baada ya kuhitimu, wakiwa na shahada mkononi na bila ajira. Wapo wanaoishi Lwakhakha, Malakisi, Kitale na kwingineko mbali na miji mikuu. Swali tunalojiuliza ni hili: je, mwanafunzi wa Kiswahili aliyeko nyumbani anaweza kuuza nini mtandaoni, atabakiwa na kiasi gani, na ni kitu gani ambacho hapaswi kukiuza kamwe?

Jinsi soko lilivyofunguka

Soko hili halikuzuka ghafla. Hadi mwaka 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kuunganishwa na intaneti, na gharama yake ilikuwa kubwa mno kwa mtu wa kawaida. Mwaka huo nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na kasi ya mawasiliano ikaongezeka. Kabla ya hapo, mwaka 2007, huduma ya M-Pesa ilikuwa imeanza, hivyo mtu asiye na akaunti ya benki akaweza kupokea fedha kwa rununu. Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa Ajira Digital ili kuwafunza vijana kazi za mtandaoni, na mwaka 2018 ikawezekana kuhamisha fedha kati ya PayPal na M-Pesa. Kwa hiyo mambo matatu yalikamilika: njia ya kufikisha kazi, njia ya kufikisha malipo, na vijana wenye elimu wanaosubiri ajira.

Njia ya kwanza: kazi ndogondogo za data

Mitambo ya akili unde haijui kitu mpaka ifunzwe na binadamu. Lazima mtu akae mbele ya tarakilishi aizungushie mstari picha ya gari, atenganishe sauti ya mtoto na ya mtu mzima, au aseme kama sentensi fulani ni ya matusi. Kazi hizi hulipwa kidogokidogo, na hazihitaji shahada.

Hata hivyo, matatizo yake yanajulikana. Mnamo Januari 2023 jarida la Time la Marekani lilieleza jinsi wafanyakazi jijini Nairobi walivyolipwa chini ya dola 2 kwa saa ili wasome na kuainisha maandishi ya kutisha, kwa ajili ya kuufunza mtambo wa kampuni ya OpenAI. Hao walikuwa ofisini. Wale wa nyumbani wana tatizo jingine, yaani kutokuwa na mkataba. Mnamo Machi 2024 jukwaa la Remotasks lilisitisha kazi zake nchini Kenya, na waliokuwa wakilitegemea wakajikuta hawana pa kuingilia. Hapakuwa na meneja wa kumwendea wala mlango wa kubisha. Funzo tunalolipata ni kwamba asiyekuwa na ujuzi wa pekee huweza kuondolewa sokoni kwa siku moja.

Njia ya pili: kuwaandikia wengine insha

Njia hii hatuna budi kuitaja kwa sababu inawahusu wanafunzi na wahadhiri moja kwa moja. Kwa miaka mingi Kenya imejulikana kuwa miongoni mwa vituo vikubwa vya kuwaandikia wanafunzi wa Ulaya na Marekani insha na tasnifu ambazo wao huziwasilisha kama kazi zao. Filamu ya hali halisi iitwayo The Shadow Scholars, iliyotoka mwaka 2024, ilimfuata Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, mzaliwa wa Kenya, akiichunguza biashara hii.

Wanaoitetea husema kwamba mwandishi hakuiba. Ameuza jasho lake. Hoja hii ina uzito, kwani mwandishi husoma na kuandika kwa bidii kumpita mwenye shahada. Lakini tuitazame kwa jicho la mpakani. Kuna mali ambayo mchuuzi huipitisha darajani mchana, na kuna ile inayovushwa mtoni usiku. Mali ya usiku haiwezi kumjengea mtu jina, kwa kuwa siku atakapoulizwa kazi aliyoifanya kwa miaka mitano hatakuwa na ukurasa hata mmoja wa kuuonyesha. Isitoshe, sheria iliyopitishwa Uingereza mwaka 2022 iliifanya biashara ya kuuza insha hizo kuwa kosa nchini England, na tangu ChatGPT ilipotolewa mnamo Novemba 2022 wanunuzi wana mtambo wa kuwaandikia. Aliyetegemea njia hii amepoteza soko na pia hana wasifu wa kazi.

Njia ya tatu: tafsiri, unukuzi na uhariri

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapokuwa na bidhaa yake mwenyewe. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikifanya Kiswahili lugha yake ya kazi, na mwaka huohuo Baraza la Mawaziri la Uganda likaidhinisha kiwe lugha rasmi ya nchi. Matamko pekee hayaleti mkate, lakini kila taasisi inayoamua kuwasiliana kwa Kiswahili huhitaji mfasiri, mhariri, mnukuzi wa mahojiano na msomaji wa sauti.

Je, mitambo haijaichukua kazi hii? Imeichukua sehemu yake. Google Translate imekuwa na Kiswahili tangu mwaka 2009, na ubora wake umepanda. Matini nyepesi sasa hupitia kwenye mtambo kwanza, na bei ya kuyatafsiri imeshuka. Kinachobaki ni kazi ya anayejua. Mtambo unaweza kuandika “riba” mahali pa “maslahi”, ukabadilisha ngeli katikati ya sentensi, au ukamwamkia mzee kama anavyoamkiwa rika. Mkulima akisomewa maagizo ya dawa yaliyokosewa kiambishi kimoja, anaweza kuangamiza shamba zima. Mhariri anayeliona kosa hilo na kulieleza sababu yake ndiye anayelipwa, na maarifa hayo ni yaleyale ya sarufi na isimujamii tunayoyalalamikia darasani kwamba hayana manufaa.

Mwanafunzi wa Lwakhakha ana ziada nyingine. Lubukusu analolisikia nyumbani linakaribiana sana na Lumasaaba la ng'ambo ya mto. Watafiti wa afya, kilimo na elimu wanaofanya mahojiano katika eneo hilo huhitaji watu wa kuzinukuu na kuzitafsiri sauti hizo, na wafasiri wa lugha hizi mbili si wengi kama wa Kiingereza. Anayetaka mazoezi anaweza kuanza na mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambao hukusanya sauti za Kiswahili. Kazi hiyo ni ya kujitolea na haina malipo, lakini humzoesha mtu kusikiliza na kukagua.

Njia ya nne: kufundisha na kutunga maudhui

Wapo wanaowafundisha wageni Kiswahili kwa njia ya video, na wapo wanaotunga masomo ya fasihi kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari. Njia hii humjengea mtu jina, lakini yataka subira. Ili kupata mgawo wa matangazo katika YouTube, kwa mfano, chaneli huhitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika muda wa miezi 12, au video fupi zitazamwe mara milioni 10 katika siku 90. Atakayeanza leo akitarajia karo ya muhula ujao atavunjika moyo.

Hesabu ya mpakani

Tuchukue mfano wa kukadiria. Mfasiri anapata kazi ya dola 20 kupitia Fiverr. Jukwaa hilo hukata asilimia 20, hivyo anabakiwa na dola 16. Dola moja ikiwa shilingi 129, hizo ni shilingi 2,064 kabla ya ada ya kuzitoa. Ikiwa kuitafuta kazi, kuifanya na kuisahihisha kumechukua saa 10, amepata shilingi 206 kwa saa, na bado hajaondoa bando na umeme. Tena thamani ya dola haitulii. Mnamo Januari 2024 dola 100 zilileta takriban shilingi 16,000, na kufikia mwisho wa mwaka huo zilileta karibu 13,000. Aliyefanya kazi ileile alipunguziwa kipato bila kuambiwa.

Hesabu hii haikusudii kumkatisha mtu tamaa. Inamwonyesha kwamba faida huongezeka anapopata wateja wa kudumu wanaomlipa moja kwa moja, na anapojulikana kwa ujuzi mmoja. Vilevile tunatahadharisha: kazi yoyote inayomtaka mwombaji atoe ada ya kujiandikisha kwanza, au awalete wengine ili alipwe, ni mtego. Mwajiri hulipa, halipwi.

Hitimisho

Tumeona kwamba njia zote nne zinawezekana kutoka Lwakhakha, ila hazina uzito sawa. Kazi za data hufaa kwa muda mfupi, insha za kuuza humla muuzaji, maudhui hutaka subira, na tafsiri hutaka umahiri. Tunapendekeza idara za Kiswahili ziingize mazoezi ya uhariri wa tafsiri za mitambo katika masomo yake, na vyama vya wanafunzi vitunze orodha ya kazi halisi zilizofanywa na wanachama ili wahitimu wawe na cha kuonyesha. Wahenga walinena: bura yangu sibadili na rehani. Mwanafunzi wa Kiswahili anayekesha akiandika kwa Kiingereza kwa jina la mtu mwingine ameibadili bura yake, na huenda hata rehani hakuipata.