Uzito Ukae Wapi Katika Ndege?

Jina la Mabawe yetu linakaribia sana neno mabawa, lakini chombo tunachokijua zaidi kwa mizigo ni baiskeli. Aliyepandisha mlima akiwa na mikungu ya ndizi kwenye keria anajua jinsi gurudumu la mbele linavyokuwa jepesi, na usukani usitii tena. Mikungu ile ile ingewekwa karibu na katikati, usukani ungetulia. Ndege nayo iko hivyo, ila yenyewe haina ardhi ya kuishikilia.

Wasomaji, wekeni rula juu ya kidole mpaka itulie. Pale kidole kilipo ndipo kitovu cha uzito. Katika ndege kitovu hicho lazima kiangukie sehemu yake maalumu kwenye bawa, na katika ndege ndogo nyingi sehemu hiyo haizidi shubiri moja. Pua ikiwa nzito kupita kiasi, rubani hushindwa kuinyanyua wakati wa kutua. Mkia ukizidi uzito ni hatari zaidi: pua huinuka yenyewe, hewa huacha kulishika bawa, na ndege huanguka bila rubani kuweza kuirekebisha. Ndiyo maana wazee waliweka chuma mbele ya mshale na manyoya nyuma.

Wilbur na Orville Wright wa Marekani, waliojiundia ndege ya kwanza iliyoruka kwa injini, walikuwa mafundi wa baiskeli. Tarehe 17 Desemba 1903 waliruka. Lakini ndege yao ya mwaka wa 1904 ilikuwa ikipanda na kushuka kama mtumbwi katika mawimbi. Wakasogeza vitu vizito, injini ikiwamo, kuelekea nyuma. Ikazidi kuyumba! Basi wakavirudisha, wakafunga mbele vyuma vya ratli 70, yaani kilo 32 hivi, na ndege ikatulia kidogo. Tarehe 5 Oktoba 1905, kwa ndege nyingine waliyoiboresha, waliruka dakika 39.

Chuma kile kilisaidia, lakini kilikuwa mzigo usio na kazi nyingine. Wanaojiundia ndege siku hizi hupenda kwanza kuhamisha kitu ambacho lazima kibebwe, hasa betri. Hesabu yake ni ya darasani kwetu. Tuseme ndege yenye rubani na mafuta ina kilo 300, na betri ya kilo 10 iko nyuma ya kiti. Tukiisogeza mbele mita 1.5, tunazidisha 10 kwa 1.5, tunapata 15. Tukigawanya kwa 300 tunapata mita 0.05. Kitovu kimesogea sentimeta 5, na uzito wa ndege haukuongezeka hata kidogo.

Injini ni kubwa zaidi. Fundi akiondoa injini nzito akaweka nyepesi, humbidi aifunge mbele zaidi, na ndege huota pua ndefu. Mimi naona pua hizo hazipendezi, lakini zina sababu.

Betri iliyohamishwa lazima ifungwe imara, na waya mnene wa shaba unaoifuata nao una uzito wake. Kwa hiyo ndege husawazishwa na kuwekwa tena juu ya mizani tatu, moja chini ya kila gurudumu, na hesabu hufanywa upya kabla mtu hajapanda.