Mashine ya Kufulia ya Mama Yarejea Kazini

Kwa miaka kumi na minne mashine ya kufulia ya mama yangu ilikuwa meza. Juu yake palikaa ndoo ya unga, ndani yake wakazaliana panya. Marehemu mjomba aliileta kutoka Maskati mwaka 1989, zama za ruksa za Mzee Mwinyi, na ilipozimika hakuna aliyehangaika nayo, kwani mikono ya mama ilikuwa bado na nguvu.

Mambo yalibadilika baba alipopatwa na kiharusi. Mgonjwa wa kitandani hubadilishiwa shuka mara mbili au tatu kwa siku, na mama mwenyewe ana baridi yabisi ya vidole. Siku niliyofika nyumbani kwao Tumbi, hapa Kibaha, nikamkuta anakamua shuka kwa kuikanyaga, niliona haya. Ukatibu wa msikiti hauna mshahara, na mashine mpya sikuiweza. Nikaita fundi.

Mashine yenyewe ni ya matangi mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia, kila moja na mota yake. Fundi aliunganisha upya nyaya zilizotafunwa na panya, kisha akaichomeka. Upande wa kufulia ukavuma bila kuzunguka. Akausukuma kidogo kwa kijiti, ukaanza kuzunguka.

“Mota nzima hii, Katibu. Kapasita ndiyo imekufa.”

Nilinyoosha mkono niitoe, akanizuia. Kapasita huweza kubaki na umeme hata baada ya mashine kuchomolewa, hivyo aliumaliza kwanza kwa balbu yenye nyaya mbili. Mpya tuliipata Kariakoo, yenye kipimo kilekile kilichoandikwa ubavuni mwa ile ya zamani. Mkanda nao ulikuwa umepasuka, tukaubadilisha. Waya wa ethi haukuwepo kabisa, na fundi alikataa kuendelea mpaka uwekwe, kwa kuwa kiwiliwili cha mashine ni bati na anayeishika huwa na mikono iliyolowa.

Hapa niwatahadharishe wanunuzi wa mashine kuukuu. Umeme wa Oman ni wa volti 240, karibu sawa na wetu wa 230, ndiyo maana hii ya mjomba haikutupa taabu. Zilizotumika majumbani Japani aghalabu ni za volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani, umeiunguza.

Mashine ikazunguka, alhamdulillah, lakini mama hakuitumia. “Mwanangu, shuka za baba yako zina mkojo. Zikichanganyika humo na mtandio wangu, nitaswalije?”

Swali lake lilikuwa zito kuliko kapasita. Katika madhehebu ya Imam Shafi, maji yasiyofika qullatayn, ambayo wanazuoni wa leo huyakadiria kwa takriban lita 200, hunajisika yakiingiwa na najisi, hata yasipobadilika. Tangi letu halifiki lita 50. Tena maji yaliyogeuzwa na sabuni, hata yakiwa safi, hayatoharishi. Kwa hiyo kumtumbukizia mama shuka mbichi ya mkojo humo kungelinajisi kila kilichomo.

Njia tuliyoifuata ni nyepesi. Shuka hutandazwa kwenye karo, ikamiminiwa maji safi kutoka juu mpaka rangi na harufu viondoke, huku maji yakitiririka kwenda zake. Maji ndiyo yanayoiendea nguo. Hapo imekwisha kutoharika, na mashine hubakiwa na kazi ya jasho na vumbi. Mama alinirudisha kwenye karo mara mbili kabla ya kuridhika.

Sasa huiwasha baada ya Alfajiri, na shuka huwa kambani kabla jua halijapanda. Kilichobaki ni breki ya tangi la kukamulia, ambayo fundi bado anaitafuta. Mpaka ipatikane, hakuna anayeruhusiwa kufungua kifuniko kabla tangi halijasimama, wajukuu wakiwa wa kwanza kukumbushwa.