Mbawakawa wa Darwin aliyesubiri jina kwa miaka 180

MDUDU aliyenaswa na mwanasayansi Charles Darwin nchini Argentina mnamo 1832 alikaa kwa zaidi ya miaka 180 bila jina. Na huenda alipopewa jina hilo, jamii yake ilikuwa tayari imetoweka duniani.

Mdudu huyo ni mbawakawa ambaye kitaalamu anajulikana kama Darwinilus sedarisi. Maelezo yake yalichapishwa Februari 12, 2014, siku ya kumbukumbu ya kuzaliwa kwa Darwin, katika jarida la ZooKeys. Aliyeyaandika ni Stylianos Chatzimanolis, mtaalamu wa wadudu katika Chuo Kikuu cha Tennessee mjini Chattanooga, Marekani.

Darwin alimpata eneo la Bahía Blanca akiwa na umri wa miaka 23, alipokuwa akizuru Amerika Kusini kwa meli ya HMS Beagle. Hatimaye mdudu huyo alihifadhiwa katika Makavazi ya Historia ya Asili jijini London. Hakuna aliyemtambua hadi Chatzimanolis alipoazima wadudu wa kundi hilo ili awachunguze.

Mbawakawa huyu ni wa familia ya Staphylinidae, yenye zaidi ya spishi 60,000. Mabawa yao ya juu, ambayo ni magumu, huwa mafupi mno hivi kwamba tumbo refu hubaki wazi. Wengi wao huwinda wadudu wengine, wakiwemo wale wanaoharibu mimea.

Wakenya wanamfahamu vyema jamaa yake mmoja. Ni yule mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi, aitwaye Nairobi Fly ilhali si nzi. Anapopondwa juu ya ngozi, sumu yake husababisha malengelenge.

Kutambulisha spishi mpya si suala la kumtazama mdudu na kumbandika jina. Mtaalamu hana budi kumlinganisha na jamaa zake wanaojulikana, akichunguza kichwa, papasi, miguu na hata viungo vya uzazi vya dume. Kisha mdudu mmoja huteuliwa kuwa kielelezo rasmi na kuhifadhiwa, ili atakayedai kumpata mwingine awe na cha kulinganisha naye.

Kwa mbawakawa wa Darwin, papasi zenye meno kama ya msumeno ni miongoni mwa mambo yaliyomtenga na wenzake, hata akaundiwa jenasi yake mwenyewe. Sehemu ya kwanza ya jina inamuenzi Darwin. Ya pili inatokana na mwandishi Mmarekani, David Sedaris, kwa kuwa mtaalamu huyo alikuwa akisikiliza vitabu vyake vilivyorekodiwa huku akiwaandaa wadudu.

Hata hivyo, furaha ya ugunduzi huo ina doa. Ni wadudu wawili tu wa spishi hiyo waliotajwa katika maelezo hayo. Wa pili alitoka Río Cuarto, pia nchini Argentina, akakusanywa kabla ya 1935 na kuhifadhiwa katika makavazi ya Berlin, Ujerumani. Tangu hapo, sehemu kubwa ya ardhi iliyo kati ya maeneo hayo mawili imegeuzwa kuwa mashamba, na mtaalamu huyo alitilia shaka iwapo mdudu huyo bado anapatikana huko.

Hapa ndipo penye uzito wa kazi hii inayoonekana na wengi kama mchezo wa wasomi. Kiumbe asiye na jina hawezi kuorodheshwa miongoni mwa walio hatarini, wala hatatajwa katika sheria yoyote ya uhifadhi. Makazi yake yakilimwa au kufyekwa, hakuna atakayejua kilichopotea.

Ndiyo maana makabati ya wadudu katika makavazi, yakiwemo Makavazi ya Kitaifa ya Kenya jijini Nairobi, si ghala la vitu vilivyopitwa na wakati. Ni kumbukumbu ya viumbe walioishi mahali fulani wakati fulani, nayo yahitaji wataalamu wa kuisoma. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.