Chiriku Mwekundu Hanaswi kwa Ulimbo

Mwenye kufuga ndege wa rangi huku kwetu, toka Diani hadi Msambweni, hakosi kuulizwa: rangi ile yatoka wapi? Mimi nina matundu manne barazani, na swali hili naletewa kila alasiri. Wako wasemao ndege wangu wamepakwa rangi!

Ndege wenyewe ni kanari, binamu wa chiriku wetu. Asili yake ni visiwa vya Kanari, magharibi ya Moroko. (Jina la visiwa hivyo, yasemekana, latokana na mbwa, wala si ndege.) Huko mwituni ni wa kijani iliyochanganyika na kahawia. Alipofugwa Ulaya, mara mojamoja alitokea kinda aliyepungukiwa na weusi manyoyani. Wafugaji wakamtenga, wakamwoza, manjano ikabaki.

Mwekundu ndiye mwenye kisa. Katika miaka ya 1920, mwalimu mmoja wa Bremen, Ujerumani, Hans Duncker, alitaka kupata kanari mwekundu kwa kumchanganya na ndege mdogo mwekundu wa Venezuela. Majike ya mchanganyiko yalikuwa tasa, lakini baadhi ya madume yalizaa. Kizazi baada ya kizazi, akapata rangi ya chungwa tu. Baadaye ikadhihirika kuwa damu peke yake haitoshi: ndege huyo hula wekundu wake, katika vyakula kama pilipili hoho nyekundu na karoti. Mwaka 2016 wataalamu waliitambua jeni inayogeuza manjano ya chakula kuwa nyekundu, nayo ilitoka kwa yule ndege wa Venezuela. Basi kanari wa manjano, hata umlishe gunia la karoti, hawi mwekundu. Na mwekundu ukimpa mtama mtupu, akibadili manyoya atachujuka.

Wapenda vishungi nao wasikilize. Ukioza dume na jike wote wenye kishungi, kwa wastani kinda mmoja katika wanne hurithi kishungi kwa baba na kwa mama, naye hufia yaini au punde baada ya kuanguliwa. Masheikh hutaja kisa cha Abu Umair na kijidege chake kuwa ruhusa ya kufuga, kwa sharti la kutomtesa kiumbe. Kuviozesha vishungi viwili kwa kujua, mimi sioni kama kumo katika ruhusa hiyo.

Juzi kijana mmoja wa Msambweni aliniletea chiriku wawili wa mwituni aliowanasa kwa ulimbo, ati tuwachanganye na kanari tupate rangi mpya ya kuuza. Nikamwambia watoto wa mchanganyiko huo wengi wao ni tasa, na kuwaweka ndege wa mwituni bila kibali ni kosa kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013. Kisha nikamweleza kuwa yule mwekundu wa Venezuela amenaswa mno kwa ajili ya rangi yake, hata leo yumo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani. Hilo ndilo lililomnyamazisha.

Tukawapangusa ulimbo miguuni kwa mafuta ya nazi, tukawaachia. Mmoja aliruka papo hapo. Wa pili alitua kwenye ukuti, akakaa kitambo akijidonoadonoa bawa.