Saratani ya Puru: Je, Mgonjwa Atapona?

Mwezi huu tuzungumzie ugonjwa ambao wengi huuficha kwa aibu. Puru ni sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, karibu na njia ya haja kubwa. Mtu akipata saratani hapo, familia huuliza: "Je, atapona?" Jibu hutegemea mambo matatu hasa.

Kwanza, ugonjwa umefika wapi. Hili ndilo kubwa kuliko yote, na daktari Cuthbert Dukes wa London alilieleza tangu mwaka 1932. Hutazamwa kama uvimbe ungali ndani ya ukuta wa utumbo, umeupenya, au umeingia katika tezi za limfu. Kwa takwimu za Marekani, ugonjwa ukiwa bado mahali pake, wagonjwa kama 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5. Ukifika kwenye tezi za jirani, ni kama 7. Ukishaenea mbali, kama kwenye ini au mapafu, hawafiki 2.

Pili, upasuaji. Uvimbe sharti utolewe wote, pamoja na mafuta yanayouzunguka na tezi zake, pasibaki kitu pembeni. Ndiyo maana uzoefu wa daktari una uzito. Uvimbe uliokwisha kupenya mara nyingi hupunguzwa kwanza kwa mionzi na dawa. Hapa Tanzania mionzi hutolewa Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza.

Tatu, hali ya mgonjwa: nguvu za mwili, maradhi mengine, na kumaliza matibabu. Wengine hutoroka wakiambiwa watawekewa njia ya choo tumboni. Mfuko huo si mwisho wa maisha. Watu huenda nao kazini na kanisani.

Dalili ni damu kwenye choo, choo kubadilika, kuhisi haja haijaisha, na kukonda. Usiseme "ni bawasiri tu" ukanunua dawa dukani miezi na miezi. Daktari akipima kwa kidole chenye glovu, kwa dakika moja tu aweza kuugundua uvimbe ulio chini. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi, baba au mama akilalamika, mpelekeni hospitali mapema. Sala na Mpako wa Wagonjwa viende pamoja na matibabu, visiwe badala yake.