Taa ya Upepo: Maana ya Onyo la Shinikizo la Tairi katika Magari ya Nyikani

Utangulizi

Barabara itokayo mjini Meru kuelekea Maua, ipitayo hapa Nchiru penye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, hutumiwa na magari ya kila aina: matatu, pikapu za miraa, malori, na magari ya nyikani ambayo injini yake huweza kusukuma magurudumu yote manne. Mengi ya magari haya ya mwisho huelekea Mbuga ya Kitaifa ya Meru, ambako dereva huiacha lami akakutana na changarawe, mchanga na matope. Katika safari ya namna hiyo, taa moja ndogo ya manjano huweza kuwaka mbele ya dereva: umbo la tairi lililokatwa upande, na alama ya mshangao katikati yake. Makala haya yananuia kueleza taa hiyo inasema nini, na dereva aijibu vipi. Aidha, yatagusia kwa ufupi msamiati unaohitajika ili maarifa haya yaelezeke kwa Kiswahili.

Asili ya taa hii

Taa hii ilienea kutokana na maafa. Mnamo Agosti 2000, kampuni ya Firestone iliagiza kurudishwa kwa matairi yapatayo milioni 6.5 nchini Marekani, baada ya matairi hayo, ambayo mengi yalikuwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer, kubambuka tabaka yakiwa mwendoni. Vifo zaidi ya 200 vilihusishwa na kasoro hiyo. Mwezi Novemba mwaka huohuo, Marekani ilipitisha sheria iliyodai kuwa magari mapya yawe na chombo cha kumwonya dereva upepo unapopungua. Kufikia Septemba 2007 magari yote mapya madogo yalipaswa kutimiza sharti hilo. Umoja wa Ulaya ulifuata, na kuanzia Novemba 2014 kila gari jipya la abiria lilipaswa kuwa nacho.

Hatari yenyewe ni rahisi kuieleza. Tairi lenye upepo mchache hubonyea kila linapozunguka. Kubonyea huko huzaa joto, na joto hulegeza gundi inayoshikanisha mpira na nyuzi. Hatimaye tairi hupasuka, aghalabu gari likiwa katika kasi.

Jinsi taa inavyofanya kazi

Kuna njia mbili. Ya kwanza hutumia kihisi kilichofungwa ndani ya gurudumu, kwa kawaida kwenye valvu, ambacho hupima shinikizo na kulituma kwa mawimbi ya redio. Kihisi hicho kina betri yake, ambayo hudumu kwa miaka ipatayo mitano hadi kumi. Njia ya pili haipimi upepo hata kidogo. Hutumia vihisi vya breki kulinganisha mizunguko ya magurudumu, maadamu tairi lililopungukiwa na upepo huwa na kimo kidogo na kwa hiyo huzunguka upesi kuliko mengine.

Kwa mujibu wa kanuni za Marekani, taa huwaka shinikizo likishuka kwa robo chini ya kiwango kilichopendekezwa. Iwapo kiwango ni paundi 35 kwa inchi mraba, taa itasubiri mpaka paundi zikaribie 26. Kwa hiyo, taa kuwaka ni ishara kuwa dereva amekwisha kuchelewa, na taa kuzimika si ithibati ya usalama.

Taa ikimetameta kwa takriban dakika moja kisha ikabaki imewaka, maana yake ni tofauti: chombo chenyewe ndicho kibovu. Hali hii yafaa ieleweke vyema nchini Kenya, ambako magari mengi huagizwa yakiwa yametumika ughaibuni, Japani hasa. Kiwango cha KS 1515 huruhusu gari lisilozidi miaka minane, umri ambao betri ya kihisi huenda inaelekea ukingoni. Vilevile, fundi anayebandua tairi kwa pancha asipojua kwamba kuna kihisi karibu na valvu, huweza kukivunja.

Dereva afanye nini?

Kwanza, apunguze mwendo polepole bila kukanyaga breki ghafla, asimame mahali salama, ayakague matairi yote. Pili, atumie kipima upepo, kwani macho hayatoshi. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilichoko katika nguzo ya mlango wa dereva. Nambari iliyochorwa ubavuni mwa tairi ni ukomo wake.

Tatu, apime tairi likiwa baridi, yaani baada ya gari kupumzika kwa saa tatu hivi. Shinikizo hubadilika kwa karibu paundi moja kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi. Dereva anayepunguza upepo wa tairi lililopata moto mchana katika nyanda za mbuga, kisha akalala kwenye baridi ya vilima vya Nyambene, asishangae taa ikimlaki alfajiri.

Nne, anayepunguza upepo kwa makusudi ili apite mchangani, pengine hadi paundi 20, ajue kwamba taa itawaka kwa haki. Aendeshe polepole, na aujaze upya kabla ya kurejea kwenye lami. Kitufe cha kuiweka upya taa hakiongezi upepo; kukibonyeza kabla ya kujaza ni kukifunza chombo uongo. Tano, katika baadhi ya magari hata tairi la akiba lina kihisi, hivyo nalo likaguliwe.

Suala la msamiati

Wataalamu wa fizikia wametumia kanieneo, neno lililoundwa kwa kani na eneo, ambalo ndani yake mna fasili nzima ya dhana hiyo. Wengine hutumia shinikizo. Katika gereji, hata hivyo, neno ni upepo: tairi hujazwa upepo, na upepo huisha, ingawa kamusi hutenga upepo uvumao na hewa iliyotulia. Kila neno lina uwanja wake. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafsiri kitabu cha maelekezo ya gari hana budi kuuliza ni nani atakayekisoma. Onyo ambalo fundi na dereva hawalielewi halimwokoi abiria, hata likiwa na istilahi sanifu kiasi gani.

Hitimisho

Imebainika kwamba taa ya upepo ni msaidizi wa mwisho wala si mbadala wa ukaguzi. Kipima upepo cha bei nafuu, kikitumiwa kila mwezi na kabla ya kila safari ndefu, humpa dereva habari mapema kuliko taa hiyo. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Na barabarani, mara nyingi hapabaki wa kuujenga.